Hakufa Ghafla



Ndugu wasomaji wetu, wazazi na vijana mlioko masomoni, naomba mnivumilie leo, maana nimeandika nikiwa na hasira, na hasira yenyewe imeanzia nyumbani kwetu.

Nimekaa katika misiba mingi hapa Bujumbura. Kila ninapokaa jamvini nasikia maneno yaleyale yakizunguka pamoja na vikombe vya kahawa: fulani amekufa ghafla. Alikuwa mzima kabisa, jana tu tulikuwa naye msikitini. Watu wanatikisa vichwa. Mmoja anasema ahadi yake imefika, mwingine ananong'ona kuwa siku hizi watu wanahusudiana sana, kisha mazungumzo yanahamia kwenye bei ya sukari. Hakuna anayeuliza kitu, kwa sababu kuuliza msibani kunahesabiwa kuwa ni kukosa adabu.

Sasa mimi nitauliza, na nitaanza na maiti wa kwetu, asije mtu akasema nimemvunjia heshima jirani.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa makanika Buyenzi. Alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 52. Alikuwa mtu wa swala tano, mcheshi, na mvutaji wa sigara kwa siri ambayo mtaa mzima ulikuwa unaijua. Miaka minne kabla ya hapo aliambiwa ana presha. Akameza vidonge mwezi mmoja, akajisikia vizuri, akaviacha. Alisema mtu mzima hawezi kuwa mtumwa wa kidonge.

Wiki tano kabla ya kufa alianza kusikia kifua kizito kila anaposukuma gari lisilowaka. Akisimama dakika tatu au nne, uzito unaondoka. Baadaye ukawa unamjia akienda swala ya alfajiri. Mwanawe mdogo, aliyekuwa akifuatana naye, alitusimulia baada ya mazishi kwamba baba yake alikuwa akisimama kwenye kona ileile kila siku, anainama kana kwamba anafunga kamba za viatu. Alikuwa anavaa ndara.

Nyumbani ikaitwa gesi. Gesi ilipokataa kuondoka ikaitwa vidonda vya tumbo. Akaenda zahanati moja, akapewa dawa ya kupunguza asidi bila mtu kumuuliza maumivu yanakuja wakati gani na yanaondoka wakati gani. Ijumaa iliyofuata akanunua barazani pa msikiti chupa mbili za "dawa ya kusafisha mishipa", na muuzaji akamhakikishia kuwa zikiisha hatamhitaji daktari tena.

Usiku mmoja, saa saba, aliamka amelowa jasho kama mtu aliyenyeshewa. Alisema anahisi kama gari limeteleza kwenye jeki likamkalia kifuani, na maumivu yanapanda mpaka kwenye taya. Akatapika. Tukasema tumbo limemchafuka. Mwingine akasema hili si tumbo, hili ni jini, akaitwa mtu wa kusoma. Mafuta ya gari yalikuwa adimu mjini mwaka ule, na mpaka leo ndugu hulitaja hilo kama udhuru. Ukweli ni kwamba hakuna aliyetoka kutafuta gari mpaka saa kumi na moja alfajiri. Tulifika hospitali jua linachomoza. Alikata roho kabla hajapandishwa kitandani.

Msibani wakasema: amekufa ghafla. Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole. Wiki tano. Siku thelathini na tano za kusimama na kupumzika, na watu wazima wa nyumba nzima tukimtazama. Hiyo ndiyo ghafla?

KILICHOKUWA KIKITOKEA KIFUANI

Moyo ni msuli, na kama msuli mwingine wowote unahitaji damu. Haujilishi kwa ile damu inayopita ndani yake. Una mishipa yake yenyewe, wa kulia na wa kushoto, inayochipuka mwanzoni kabisa mwa mshipa mkuu unaotoka moyoni, kisha inagawanyika na kuuzunguka moyo kama mizizi. Ni mishipa myembamba, upana wake milimita chache tu. Kwa miaka mingi, mara nyingi tangu ujanani, mafuta ya kolesteroli hujipenyeza ndani ya ukuta wa mshipa na kujikusanya humo. Presha inauumiza ukuta, moshi wa sigara unauumiza, sukari ikizidi katika damu inaharakisha kazi hiyo. Njia inazidi kuwa nyembamba na mwenyewe hana habari, kwa sababu akiwa amekaa damu inayopita bado inamtosha. Haimtoshi anaposukuma gari. Hapo moyo unalalamika, na akipumzika unanyamaza. Ndiyo ile kona ya shemeji yangu.

Shambulio la moyo lenyewe ni jambo jingine kidogo. Yale mafuta yaliyojikusanya ukutani hupasuka, damu nayo ikaona kidonda ikafanya kazi yake ya siku zote ya kuganda, na donge hilo likaiziba njia. Sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule huanza kufa katika muda wa nusu saa hivi, na huendelea kufa kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Saa kadhaa, ndugu msomaji. Sisi tulikuwa nazo nne, tukazimaliza kwa kubishana kati ya tumbo na jini.

Si kila mtu hupewa onyo wazi kama lile. Mwenye kisukari anaweza kupatwa bila maumivu yoyote, akachoka tu na kuishiwa pumzi. Wanawake wengi husikia kifua kama wanaume, lakini wako wanaopata zaidi kichefuchefu, uchovu usioelezeka, maumivu ya mgongo au taya, na wakisema wanaambiwa ni kazi za nyumbani. Wako pia watu ambao moyo husimama palepale bila dalili hata moja kabla yake. Hao ndio wa ghafla kweli, na wala siwazungumzii hao.

AHADI HAISOGEI, LAKINI BREKI TUNATENGENEZA

Jibu nitakalopewa nalijua, kwa sababu nimeshapewa: ajali ya mtu ikifika haiahirishwi. Naamini hivyo na sina ubishi. Ubishi wangu ni juu ya namna tunavyoitumia imani hii, tukiitoa mfukoni pale tu inapotuondolea lawama.

Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Shamu, alipofika Sargh aliambiwa kuwa tauni imeingia huko. Akashauriana na watu, kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Jibu lake, kwa maana, lilikuwa kwamba wanatoka katika kadari kwenda katika kadari, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bonde lenye upande wa majani na upande mkavu. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Wengi wetu tulikisikia tena mwaka 2020, wakati wa korona, na tukakikubali bila taabu. Basi kwa nini kitufae kwa tauni na korona, kisitufae kwa kifua?

Shemeji yangu mwenyewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, asingemruhusu mteja aondoke gereji na breki zilizokwisha kwa hoja kwamba ahadi haisogei. Angemfokea.

WAUZA CHUPA

Sasa nije kwa ndugu zetu wa barazani, na hapa sitapunguza ukali.

Wanaipenda sana hadithi ya Saad bin Abi Waqqas (r.a.). Aliugua, Mtume (s.a.w.) akaja kumzuru, akaweka mkono kifuani pake, akamwambia kuwa ana maradhi ya moyo, na zikatajwa tende saba za ajwa za Madina. Hadithi hii imepokewa na Abu Daud, na wataalamu wa hadithi wana maneno juu ya sanadi yake, jambo ambalo muuzaji halitaji kamwe. Lakini haya, tuichukue kama wanavyoichukua wao. Je, umewahi kumsikia hata mmoja akiisoma yote? Katikati yake yumo mtu: Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif. Saad anaelekezwa aende kwake, kwa sababu ni mtu anayefanya utabibu. Na huyu Harith, wanahistoria wanasimulia kuwa alijifunza utabibu Uajemi, na wametofautiana hata juu ya kusilimu kwake. Kwa hiyo hadithi ileile inayotumiwa kuuzia tende ndiyo inayompeleka mgonjwa wa moyo kwa tabibu. Wamezichukua tende, wakamwacha tabibu njiani.

Sisemi kuwa habasoda, kitunguu saumu au asali ni vitu vibaya. Nilivikuta kwa mama yangu na mpaka leo vimo jikoni kwangu. Ninachosema ni kwamba hakuna kitunguu saumu kinachoyeyusha donge la damu saa saba usiku, wala siki inayokwangua mafuta yaliyoota ndani ya ukuta wa mshipa. Maneno yenyewe "kusafisha mishipa" ni ya uongo. Mshipa si mpira wa maji ambao uchafu umegandia kwa ndani ukaweza kusuguliwa. Mafuta yamo ndani ya ukuta wenyewe. Hata hospitali kubwa kabisa duniani hazina dawa ya kuusugua. Kinachowezekana ni kuyatuliza mafuta yale yasipasuke, kuyapunguza kiasi kwa dawa za miaka, na kufungua njia pale ilipoziba.

Chupa nyingine zina madhara yake moja kwa moja. Kitunguu saumu kwa wingi, kikikutana na dawa za kuzuia damu kuganda, kinaweza kuzidisha kutoka damu. Lakini madhara makubwa hayamo ndani ya chupa. Ni zile siku ambazo mgonjwa amekaa anaisubiri chupa ifanye kazi.

Kamati za misikiti nazo zina swali la kujibu. Akija mtu kuuza nyama barazani tutamuuliza nani kachinja. Anakuja mtu anauza dawa ya moyo, hakuna anayemuuliza amejifunza wapi. Na iko hadithi nyingine kwa Abu Daud huyohuyo, ambayo maana yake ni kwamba mtu anayetibu ilhali hajulikani kuwa na elimu ya utabibu, yeye ndiye anayebeba dhamana ya madhara. Ningependa kuona kamati moja tu ikiibandika mlangoni, karibu na ratiba ya swala.

Wauzaji watanijibu: na zahanati je? Hapo wana haki, na siwezi kuwanyima. Kipimo cha umeme wa moyo hakiumi, kinachukua dakika chache, na mashine yake mtu mmoja anaibeba. Miongozo ya kimataifa inataka anayefika hospitali na maumivu ya kifua apimwe ndani ya dakika 10. Shemeji yangu alimaliza asubuhi nzima kwenye benchi akatoka na pakiti ya vidonge vya asidi. Tena kipimo chenyewe si neno la mwisho, kwani moyo ukiwa umepumzika huweza kutoa mchoro wa kawaida kabisa. Maswali ndiyo yanayosaidia: je, yanakuja ukitembea au ukibeba kitu? Yanaondoka ukisimama? Yanafika mkononi, shingoni, kwenye taya? Kiungulia cha kawaida huja baada ya kula au ukilala, hakingoji upande mlima. Daktari asipouliza, mgonjwa aseme mwenyewe, na amuulize: una hakika si moyo? Sisi tumelelewa kumwogopa daktari kama tunavyomwogopa hakimu, na heshima hiyo inatuua.

KIDONGE KILICHOKUWA KABATINI

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Mwaka 1988 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uitwao ISIS-2. (Jina hilo halina uhusiano wowote na kundi mnalolifikiria, uchunguzi ulitangulia kwa miaka mingi.) Walikuwamo wagonjwa 17,187 walioshukiwa kuwa na shambulio la moyo, katika hospitali 417. Baadhi walipewa aspirini ya miligramu 160 kila siku kwa mwezi mmoja, baadhi dripu ya dawa ya kuyeyusha donge la damu, baadhi zote mbili, na baadhi hawakupewa hata moja. Katika wiki tano, miongoni mwa wasiopewa kitu, karibu 13 katika kila 100 walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa. Kwa waliopewa zote mbili walikuwa 8. Aspirini peke yake ilipunguza vifo hivyo kwa karibu robo.

Aspirini, ndugu zangu. Moja ya dawa za bei nafuu kabisa katika famasi yoyote. Leo anayeshukiwa kuwa na shambulio la moyo huambiwa atafune miligramu 300 akiwa njiani kwenda hospitali, isipokuwa kama ina mzio naye au anatokwa na damu. Dripu ya kuyeyusha donge hufaa zaidi katika saa za mwanzo kabisa, na kwa kawaida haitolewi zikishapita saa 12. Penye wataalamu na vifaa, mshipa hufunguliwa kwa kupitisha mrija mwembamba mkononi au kwenye nyonga. Hayo ya mrija labda tusingeyafikia usiku ule. Aspirini ilikuwa kabatini kwa dada yangu. Alikuwa anaitumia kwa maumivu ya kichwa.

Wala mtu asianze kesho kumeza aspirini kila siku eti anajikinga. Kwa mtu ambaye hana ugonjwa huu, hatari ya kutoka damu tumboni au kichwani inaweza kuzidi faida. Hilo aachiwe daktari wake.

WALIOREJEA NAO

Wapo ndugu zetu waliopata nafasi ambayo shemeji yangu hakuipata. Wamekwenda Nairobi, Kampala, Dar es Salaam au India, wamewekewa stenti, wamerudi, tumewapokea kwa dua na pilau. Mmoja wao naswali naye safu moja. Miezi miwili baada ya kurudi aliniambia kwa furaha kuwa ameacha vidonge, kwa sababu mshipa umeshafunguliwa, vya nini tena?

Stenti ni wavu mdogo wa chuma unaoachwa ndani ya mshipa ili njia isijifunge. Kwa damu ni kitu kigeni, na damu ikikutana na kitu kigeni inataka kuganda. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa mbili za kuzuia kuganda, kwa kawaida kwa miezi 6 hadi 12, kisha huendelea na moja. Akiziacha mapema bila daktari wake kujua, stenti inaweza kuziba mara moja, na kuziba kwa namna hiyo huua wengi. Isitoshe, stenti imefungua mahali pamoja tu. Mafuta ya mahali pengine yako palepale. Kwa hayo iko statini, dawa ya kupunguza kolesteroli. Mwaka 1994 uchunguzi wa nchi za Skandinavia, kwa wagonjwa 4,444 wa mishipa ya moyo, ulionyesha kuwa walioitumia kwa zaidi ya miaka mitano walikufa wachache kwa asilimia 30 kuliko wasioitumia. Lakini statini haimfanyi mtu ajisikie tofauti. Haitulizi maumivu, haileti usingizi, haiongezi nguvu. Nasi tumezoea kuita dawa kile tu kinachosikika mwilini, kwa hiyo tunaiacha.

Na ikikaribia Ramadhani ndiyo balaa. Kuna mgonjwa wa moyo anayefunga na kuacha vidonge vyote mwezi mzima, akijihesabia thawabu. Aliyepata shambulio hivi karibuni, ambaye kifua kinamuuma hata akiwa amekaa, au ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma na miguu inavimba, huyo rukhsa yake iko wazi na hana haja ya kuionea haya. Aliyetulia anaweza kufunga kwa ushauri wa daktari, na dawa zake nyingi zikapangwa upya wakati wa futari na daku. Apange upya, asifute.

Nitaambiwa kuwa vidonge ni ghali, na ni kweli kwa nyumba nyingi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza katika orodha yake ya dawa muhimu kidonge cha pamoja, kinachobeba dawa kadhaa za moyo ndani ya kimoja, ili wagonjwa wapate wepesi. Kufika kwake famasi zetu ni habari nyingine. Lakini tuambiane ukweli. Akifa mtu, ndani ya saa mbili tumechanga sanda, basi la kwenda makaburini, mchele na nyama ya hitima. Tunafanya vizuri, na nisingependa tuache. Ila katika umri wangu wote sijaona daftari la mchango likipitishwa kwa ajili ya vidonge vya mwezi mmoja vya mtu aliye hai.

Kuhusu chakula sitakaa sana, kwa kuwa hayo mengi mmeshayasikia. Mwaka 2004 Profesa Salim Yusuf na wenzake walichapisha uchunguzi wa nchi 52, uitwao INTERHEART, wakaonyesha kuwa mambo tisa yanabeba zaidi ya asilimia 90 ya hatari ya shambulio la moyo la mara ya kwanza: sigara, kolesteroli mbaya, presha, kisukari, unene wa tumbo, msongo wa mawazo, kukosa matunda na mboga, kutofanya mazoezi, na mambo ya pombe. Husda haimo. Mawese tunayoyapenda, karibu nusu yake ni yale mafuta yanayopandisha kolesteroli, na mafuta yanayokaangia sambusa tangu Jumatatu mpaka Alhamisi hayana cha kutetewa. Kwa mvutaji, habari ni njema: akiacha, baada ya mwaka mmoja hatari yake ya ugonjwa huu hupungua kwa karibu nusu. Shemeji yangu alikuwa akisema ataacha Ramadhani ijayo. Alisema hivyo Ramadhani nne.

Dada yangu sasa ana miaka 49. Mwezi uliopita nilimpeleka kupimwa kwa kumlazimisha, akanikasirikia njia nzima. Presha ilikuwa 168 kwa 102. Alipewa vidonge, kimoja kila asubuhi, na juzi akaniuliza kama anaweza kuviacha sasa kwa sababu hasikii kitu. Nilimwambia mumewe pia hakuwa akisikia kitu, tukanyamaza wote wawili. Anayesimamia hesabu ni yule mtoto wa kona. Ametundika karatasi ya tarehe karibu na jiko, na kila asubuhi mama yake akimeza anaweka alama. Jumanne alirudi kutoka shule akakuta hakuna alama. Mama yake alikuwa ameshakwenda sokoni, naye akamfuata hukohuko, kidonge mkononi, na chupa ya maji.